Kwa dereva mgeni wa kusambaza bidhaa, njia ya Dar hadi Mbeya

Mdogo wangu unayeanza ruti za mikoani, gari unaliweza, sina shaka. Ila dereva wa kusambaza madukani si sawa na yule wa Tunduma na Lubumbashi. Mwenzako anashusha mara moja, lakiri ya mlango ikiwa nzima. Wewe unafungua mlango Morogoro, Iringa, Mafinga, Makambako, na kila ukifungua, shoti, yaani upungufu wa mzigo, inaweza kutokea. Shoti hiyo hukatwa kwako, si kwa watu wa stoo.

Kwa hiyo simama mlangoni tangu wakati wa kupakia. Duka la mwisho liingie kwanza, na usikubali kuambiwa "mtapanga huko huko njiani". Hesabu katoni mwenyewe, usimtegemee karani. Iliyolowa itolewe au iandikwe kwenye delivari, ile karatasi ya kukabidhi mzigo. Ukisaini kimya, imelowa mikononi mwako.

Sasa mizani, maana hapa wageni wengi wanakamatwa bila kuelewa. Ukipita mizani ya Vigwaza na ya Mikese salama, usidhani mizani ya mbele ni ya kupita tu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 haiangalii uzito wa jumla peke yake. Kila ekseli, yaani mhimili wa tairi, ina kiwango chake: ya usukani tani 8, ya nyuma iliyo peke yake yenye tairi nne tani 10. Mzigo uliokaa nyuma kabisa, kupita tairi za nyuma, ulikuwa ukiinua pua ya gari. Ukiushusha Morogoro, pua inakaa chini. Gari limekuwa jepesi, lakini ekseli ya mbele inaweza kubeba zaidi ya ilivyotoka Dar! Basi kabla hujafunga mlango, walipe makuli kidogo wasogeze katikati mzigo uliobaki, wausawazishe, waufunge kamba. Usipoufunga, kona za mlima Kitonga zitaupanga zenyewe.

Dukani, usishushe hata boksi moja kabla mwenye mzigo au mtu wake hajasimama hapo na kalamu. Ijumaa mchana utamkosa, ameenda msikitini, na kijana wa dukani atakwambia, "Shusha tu, kaka, bosi anajua." Msubiri bosi. Hesabuni kwa sauti, kumi kumi, utingo akitoa na wewe ukichora mstari. Mwenye duka asaini, aandike jina, agonge muhuri. Piga picha ya karatasi, mtumie mhasibu kabla hujawasha gari. Wengine watakuona mkorofi mara ya kwanza; mara ya tatu watakuwa wanakungoja na kalamu.

Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zikae kwenye kabini, si nyuma chini ya sabuni. TRA wakikusimamisha, hawatangoja upakue nusu ya gari.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi usizidi mwendo ulioandikwa kwenye vibao, hata kama nyuma yako basi linapiga honi. Ukigonga mnyama, faini hutegemea ni mnyama gani.

Ukirudi na viazi, simama juu ya Kitonga, kagua breki na upepo wake, kisha teremka kwa gia nzito ukitumia breki ya injini. Mguu ukikaa kwenye breki muda wote, zitapata moto na kuanza kunuka, na hapo umeshachelewa. Usitie fri, yaani kuacha gari liteleze bila gia, hata kidogo. Na viazi hivyo, bosi wako awe anavijua.