Maswali na Majibu: Walimu wa Lami na Walimu wa Vumbi

Mkurugenzi alituambia mkutanoni kuwa halmashauri yetu haina upungufu, uwiano ni 1:45, yaani mwalimu mmoja kwa watoto 45, kama serikali inavyotaka. Mbona darasa la tatu shuleni kwetu lina watoto 112 na mwalimu mmoja? (Mjumbe wa kamati ya shule, Kanda ya Ziwa)

Hajakudanganya, amekupa wastani. Chukua shule mbili zenye watoto 900 kila moja. Ya mjini ina walimu 30, ya kisiwani 10. Jumla watoto 1,800 kwa walimu 40, yaani 1:45, na ripoti inasomeka safi kabisa. Ila mjini ni 1:30 na kisiwani ni 1:90. Usiulize tena uwiano wa halmashauri. Omba ikama, yaani orodha ya walimu wanaotakiwa na waliopo, ya kila shule katika kata yenu, Ofisa Elimu Kata anayo. Ukiipata, usihesabu majina tu. Ondoa aliye masomoni, aliye likizo ya uzazi, mgonjwa wa muda mrefu, na yule anayeshinda ofisi za halmashauri huku jina lake likisomeka shuleni kwenu. Wanaobaki ndio walimu wenu.

Niko Katavi, natafuta wa kubadilishana naye aliyeko Dar au Kibaha. Naomba mniunganishe. (Mwalimu)

Barua za namna hii haziishi, na jibu ni lile lile: safu hii haiunganishi watu. Mwenzako awe wa kada yako na kiwango chako cha elimu, na kwa sekondari awe na masomo yako, maana Historia haibadilishwi kwa Fizikia. Wote muwe mmethibitishwa kazini na mmetimiza muda wa kukaa kituoni. Ombi linaingia kwenye mfumo, linapita kwa wakuu wenu na Wakurugenzi wenu. Gharama ni zenu kwa kuwa mmeomba wenyewe. Anayetaka hela "jina lipite" ni tapeli. Ukimlipa, usituandikie.

Sekondari yetu ya kata ina wanafunzi 320 na walimu 16. Hatuna hata mmoja wa hisabati. Tumeomba, tukajibiwa kuwa ikama yetu imetimia. (Mzazi, Tanga)

Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Mgawanyo unafanywa kwa vichwa badala ya vipindi. 320 kwa 16 ni 1:20, kwa hiyo kwenye karatasi mmeshiba. Lakini walimu 13 kati ya hao wakiwa wa sanaa, watoto wanapata Historia mpaka wanachoka huku ubao wa hisabati ukibaki mtupu.

Fanyeni hesabu hii. Kidato cha kwanza hadi cha nne, mikondo miwili kila kidato, ni madarasa 8. Hisabati ikipewa vipindi 6 kwa wiki kila darasa, ni vipindi 48. Mwalimu mmoja akibeba 30 kwa wiki amebeba mzigo kamili. Mnahitaji wawili, mna sifuri. Rudieni hivyo kwa Fizikia na Kemia. Kisha barua ya bodi ya shule isiseme "tuna upungufu wa walimu", maana hiyo itajibiwa kwa ikama. Iseme: hisabati, mahitaji vipindi 48, uwezo 0. Pembeni yake wekeni masomo yenye ziada, na kila mwalimu anabeba vipindi vingapi. Ofisa anayeona mwalimu wa Historia mwenye vipindi 8 kwa wiki hawezi kusema hana cha kuhamisha.

Mkisubiri, ombeni mwalimu wa shule jirani aje siku mbili kwa wiki. Mpango huu hufia kwenye nauli. Asipolipiwa bodaboda, mwezi wa pili hamtamwona.

Na jihadharini na dawa iliyotumika 2017, walimu wa ziada wa sanaa walipohamishiwa shule za msingi. Idadi ilisawazika, lakini aliyesomea kufundisha kidato cha tatu hajui kumfundisha mtoto wa miaka sita kuunganisha silabi.

Kwa nini wenye shahada wasilazimishwe tu kwenda vijijini? (Msomaji, Morogoro)

Wanapangiwa, wanaripoti, wanathibitishwa, kisha wanaondoka mmoja mmoja: huyu anafuata mwenza, yule ana cheti cha daktari. Kila karatasi ni halali. Anayebaki ni asiye na mtu mjini. Pa kuanzia ni nyumba, ile ya mbili kwa moja, familia mbili chini ya paa moja, yenye choo na umeme wa jua, na kufuli linalofunga. Baadaye ndiyo posho. Gambia ilianza 2006 kuwalipa walimu wa shule za mbali nyongeza ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara kulingana na umbali. Kenya nayo hulipa posho ya mazingira magumu, lakini posho haizuii risasi: baada ya walimu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, walimu wasio wenyeji waliondolewa kwa wingi kaskazini mashariki.

Darasa la kwanza apewe mwalimu wa shahada au wa cheti? (Mwalimu mkuu mpya)

Apewe aliyefunzwa KKK (kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu) na asiyetoroka vipindi. Shule nyingi humweka darasa la saba mwalimu bora kwa ajili ya mtihani, na darasa la kwanza humwachia anayekaribia kustaafu. Halafu mnashangaa wa darasa la nne hasomi. Mgawanyo mbaya haupo wilayani tu, upo hata kwenye ratiba yako.

Kijiji kimekubali kumchangia kijana wa kujitolea. Inaruhusiwa?

Kwa kibali, ndiyo. Muwe na muhtasari wa mkutano na idhini ya Mkurugenzi, fedha isipite mikononi mwa walimu, na asirudishwe nyumbani mtoto ambaye mzazi hakutoa. Na kijana asiingizwe kwenye ikama, la sivyo mtaambiwa mmetosheka.

Nimehamishwa kutoka mjini kwenda kijijini. Naambiwa niripoti, hela zitafuata. (Mwalimu)

Hukuomba, umehamishwa na mwajiri, kwa hiyo nauli, mizigo, posho ya kujikimu na ya usumbufu ni haki yako. Ripoti, usikae nyumbani ukagombana, utashtakiwa kwa utoro. Ila kabla ya kuondoka peleka madai kwa maandishi pamoja na barua ya uhamisho, na nakala yako igongwe mhuri wa masijala.