Vikombe vya mahindi nimefukia miezi mitano, mbona havijaoza?

SWALI: Habari mtaalamu. Nauza juisi, nilinunua vikombe vya bioplastiki vya mahindi kwa bei karibu mara mbili ya vile vya kawaida. Muuzaji alisema ukivifukia vinaoza ndani ya siku 90. Nilifukia viwili kwenye shimo la taka za jikoni, juzi nimefukua baada ya miezi mitano, vimechafuka tu ila vizima. Nimepigwa?

JIBU: Pole. Vikombe vyenyewe vinaweza kuwa PLA, yaani hiyo plastiki ya mahindi, halali kabisa, ulipopigwa ni kwenye maelezo. Swali hili nalipata karibu kila wiki na kosa ni lilelile, mtu akisikia mahindi anawaza ugali. Wanga wa mahindi unageuzwa sukari, sukari inachachushwa na bakteria inakuwa asidi ya laktiki, ileile ya kwenye maziwa mgando, halafu hiyo asidi ndo inaungwa minyororo mirefu mpaka inakuwa plastiki, hapo hakuna tena cha mahindi. Ili ioze vizuri inataka joto la nyuzi kama 58 pamoja na unyevu, wiki kadhaa mfululizo, yaani kiwanda cha mboji. Shimo lako likifika 35 ushukuru. Na hizo siku 90 muuzaji wako hajazitunga, kipimo cha Ulaya EN 13432 kinataka kifungashio kisambaratike ndani ya wiki 12, ila kwenye joto hilohilo la kiwandani! Jamaa kachukua namba, sharti kaliacha dukani.

Kutoka kwenye mmea na kuoza ni vitu viwili tofauti. Brazil wanatengeneza polithini, plastiki ya mifuko ya kawaida, kwa miwa, na ni polithini kweli, haiozi ng'o.

Lakini wewe afadhali. Wanaonipandisha presha ni wale wa mifuko "inayooza yenyewe", tangu rambo zipigwe marufuku Tanzania Juni 2019 kila mtu kawa mtaalamu wa kuoza. Ile ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ili jua liikatekate, Umoja wa Ulaya wameipiga marufuku tangu 2021. Kuna mmoja aliniletea wake, nikaushika ukameguka mkononi kama chapati ya juzi, mwenyewe anashangilia "unaona, unaoza!" Unaoza nini bana, umekuwa chenga za plastiki, kuku wanadonoa, mvua ikinyesha zinaingia mtaroni na huwezi tena kuziokota. Kwa hiyo ukiambiwa kitu kinaoza, uliza kinaoza wapi, kwa joto gani, na cheti chenye namba kiko wapi. Kikiwa na alama ya cheti OK compost INDUSTRIAL ni cha kiwandani, cha shimo la nyumbani kinaandikwa HOME. Akianza kukuonyesha picha ya jani la kijani, ondoka.

Vikombe vilivyobaki uzia juisi baridi tu, ukiweka chai vitajikunja. Na usivichanganye na chupa za maji unazowapa waokota chupa, PLA ikiingia humo inaharibu mzigo wao.