Shahada ya sheria ukiwa na miaka 38 na kazi ya kudumu

Ndugu yangu, umeeleza kwamba wewe ni afisa ugavi Dodoma, una watoto wawili, na unajiuliza kama ada ya shahada ya sheria itarudi. Jibu linategemea unataka kuwa wakili au unataka kuijua sheria ili kazi yako ya mikataba ikupandishe cheo.

Kama ni la pili, Chuo Kikuu Huria kinakuruhusu kusoma bila kuacha mshahara, na manufaa utaanza kuyaona kabla ya kuhitimu.

Uwakili ni safari nyingine. Baada ya shahada utapaswa kupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na hapo ndipo watu wazima wengi hukwama, kwa sababu mafunzo yanadai uwepo wako na mwajiri halazimiki kukungoja. Matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2022 yalishtua nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26.

Mimi nilisoma nikifanya kazi, na kilichonitafuna si ada, bali kodi ya chumba cha pili, nauli na kudurufu kesi. Niliandika kila shilingi nyuma ya daftari, na ilipofika Machi ukurasa ulikuwa umejaa.

Basi zungumza kwanza na mwajiri kuhusu likizo ya masomo, upate jibu kwa maandishi, na usikope kabla ya hapo.