Usimwambie mama mlangoni

Kila Januari, walimu wapya wakishapangiwa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, makosa yale yale hurudi kana kwamba wameachiana urithi. Vyeti mnavyo, mtaala wa umilisi mnaujua, uji mnaugawa bila vita. Lakini darasani akitokea mtoto wa kutia wasiwasi, hasemi, haitiki, au anaanguka kila hatua ya tatu, mnalikoroga mnapokwenda kusema na wazazi wake. Haya ni yenu mlioko Amu (Lamu), Faza, Malindi mjini na kule Gede. Mengine piteni mbio. La pili lisomeni mara mbili.

1. Umri kwanza. Kabla ya kusema "amechelewa", omba kijitabu cha kliniki uione tarehe ya kuzaliwa kwa macho yako. PP1 moja huwa na wa miaka mitatu na nusu, aliyeletwa kwa sababu dadake naye anakuja, na wa mitano unusu aliyekaa karibu naye. Mkimpima mdogo kwa mkubwa, kila mwaka mtapata "mgonjwa" mpya. Ukishakishika kijitabu, soma na yaliyobaki: alizaliwa kabla ya miezi kutimia? Alipata manjano kali siku za mwanzo? Alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo au malaria ya kupanda kichwani? Manjano kali na uti wa mgongo huweza kuondoka na usikivu wa mtoto, kwa hivyo ukiyaona yameandikwa, masikio ndiyo ya kupimwa mwanzo.

2. Mlangoni. Hili linatuchosha, wallahi. Saa sita, watoto wanatoka, bodaboda zinapiga honi, na kule Amu punda wameziba njia. Mama amembeba mdogo kiunoni, mavyaa wake yuko pembeni, na jirani wawili wamesimama kungoja wao. Mwalimu mpya, aliyesoma moduli moja ya mahitaji maalumu, anamkaribia na tabasamu: "Mama nanii, mimi nafikiri huyu ana usonji."

Hesabuni yaliyoharibika katika sentensi hiyo moja. Kwanza, mama amesikia neno moja tu. Uliyosema kabla na utakayosema baadaye hayamo kichwani mwake. Pili, jirani wamesikia pia, na kufikia alasiri mtaa mzima una habari, tena imeongezwa chumvi. Tatu, mavyaa ameshaamua kwamba jambo hilo limetoka upande wa ukoo wa mke, na ugomvi huo hautaisha kwa mkutano wa wazazi. Nne, baba ataipata habari kwa mtu mwingine, na kesho atakuja shuleni si kwa kuuliza. Au hatakuja mtu: Jumatatu mtoto hayupo, na baada ya wiki mbili mtasikia amepelekwa shule nyingine, au amewekwa nyumbani na bibi. Huyo ndiye mtoto aliyekuhitaji zaidi, na sasa hakuna anayemtazama.

La tano ndilo baya zaidi: huenda hata si kweli. Mtoto asiyegeuka akiitwa, asiyesema, anayecheza peke yake, anaweza kuwa na usonji. Anaweza pia kuwa hasikii vizuri, au nyumbani hasemeshwi kwa sababu siku nzima yuko na simu, au ndiyo kwanza amehama na lugha ya darasani haijui. Dalili hizo hufanana, na kuzitenga ni kazi ya mtaalamu mwenye vipimo. Mwalimu huona, kutaja jina la ugonjwa si kazi yake.

Ikiwa limeshakutoka, usingoje wiki. Nenda na mwalimu mkuu, au na mwalimu mwanamke wa makamo anayejulikana mtaani, mkamwombe radhi kwa mahali na kwa jina lile. Wasiwasi wenyewe usiuombee radhi. "Nilikosea kutaja ugonjwa nisio na elimu ya kuupima. Niliyoyaona ni haya." Kisha soma uliyoyaandika, na kama hukuandika kitu, ndiyo maana kuna la tano hapo chini.

Njia yenyewe ni hii. Mwite kwa siku yake, chumbani, mlango umerudishwa, viti vya watu wazima (kumkalisha mzazi kwenye kiti cha PP1 ni kumdhalilisha). Tenga nusu saa. Muulize mwanzo: "Nyumbani yukoje? Anapenda nini? Kuna lolote linalokutia hofu?" Mara nyingi mama ameliona zamani, alikuwa anangoja mtu wa kumuuliza. Kisha taja jambo moja analoliweza mtoto, la kweli, si "ni mzuri tu". Kisha soma mambo matatu uliyoona. Halafu nyamaza. Hapa ndipo mnaposhindwa: kimya kinawauma, mnaanza kujaza maneno, "lakini usijali, wavulana hukawia, babake huenda naye alikawia". Kauli hiyo imepotezea watoto mwaka mzima. Nyamaza mpaka yeye aseme. Malizeni kwa hatua moja na tarehe ya kukutana tena, zote kwenye karatasi.

Na saa ya mkutano ichague kwa akili. Ijumaa si siku. Ramadhani, asubuhi ni afadhali. Baba akiwa mvuvi, uliza maji yanajaa saa ngapi kabla ya kumpangia. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, utampata nyumbani kwa urahisi kuliko wakati wa kaskazi.

3. Masikio kabla ya tabia. Mtoto "mkaidi" aliye nyuma ya darasa mpime hivi: simama nyuma yake, kama mita moja, kivuli chako kisimpitie. Usipige makofi, maana atahisi upepo au sakafu. Mwite jina kwa sauti ya chini, halafu toa "sss", halafu "mmm". Mara tano kila upande, na urudie siku nyingine. Yuko anayesikia adhana na punda lakini "s", "f" na "sh" zinampita. Huyo hushika irabu tu, na maneno yake hutoka nusu. Tena maji nyuma ya ngoma ya sikio huja na kuondoka na mafua, ndiyo maana wiki hii anasikia na wiki ijayo hasikii, nanyi mnasema anajifanya. Kipimo hiki ni cha kukufanya umpeleke kliniki, si cha kukufanya utulie. Sikio likitoa usaha, kliniki. Likiwa limetoa kwa siku 14 au zaidi, hilo ni sugu na huhitaji dawa ya matone. Mafuta na kitunguu visitiwe, na kuogelea kusimame mpaka likauke.

4. Lahaja si maradhi. Ninyi mliotoka bara, sikilizeni. Mtoto wa Amu akisema "mato", "tini" na "ndoo", hana kasoro ya ulimi. Ndivyo bibi yake anavyosema macho, chini na njoo. Kule Malindi, mwenye Kigiriama nyumbani hesabuni maneno yake ya lugha zote pamoja. Lugha mbili hazimchelewishi mtu kusema. Akiwa na maneno machache katika zote mbili, hapo pana jambo.

5. Andika ulichoona, si unachodhani. "Ni mtundu, hasikii" haimsaidii mtu. "Jumanne, saa tatu unusu, wakati wa uji: nilimwita mara 5 kwa nyuma, aligeuka mara 1, kikombe kilipoanguka aligeuka" inatosha hata kwa daktari. Wiki mbili, mahali patatu: kwenye duara, uwanjani, kwenye uji. Daftari lifungiwe kabatini, na wala lisipigwe picha kwenda kwenye grupu la WhatsApp.

Usingoje wiki hizo mbili kwa aliyekuwa akisema akaacha, wala kwa mwenye vipindi vya kukodoa macho na kupotea. Mkono au mguu ukilegea ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo, hasa kwa mwenye selimundu, na Pwani wapo wengi.

6. Zinguo na kombe, yaani kusomewa dua na kunyweshwa maandishi ya Kurani, si vita vyenu. Mama akisema atampeleka kusomewa, mwambie asomewe, na masikio yapimwe. Kinachopingwa waziwazi ni kisu: kukata kimio au chini ya ulimi nyumbani ili aseme. Huko hutoka damu na maambukizi, maneno hayatoki.

7. Bubu wa shuleni. Kabla ya wasiwasi wowote, omba mama amrekodi dakika mbili akicheza nyumbani. Mwezi wa kwanza wa shule kimya ni cha kawaida. Kikizidi hapo, naye nyumbani ni kasuku, usimlazimishe kujibu mbele ya wenzake. Mpe kazi ya kuonyesha kwa kidole, na mtaalamu aulizwe.

8. Zoezi la nyumbani ni moja. Mkitoa sita halifanywi hata moja. Kwa mfano: dakika kumi mama anapochambua mchele, televisheni imezimwa, ampe mtoto chaguo, "wataka embe au mkate?", kisha ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumjibia. Mwangalie tena baada ya wiki nne.

9. Rufaa. Vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vipo nchini tangu 1984; mwalimu wa PP1 asiyejua cha kwao kiko wapi aulize leo. Pigeni simu kabla, mjue mtaalamu yupo siku gani, kwa sababu mama wa Kizingitini akilipa nauli ya boti kwenda Amu akaukuta mlango umefungwa, hatakwenda mara ya pili. Akikataa kabisa kwenda, andika tarehe, endelea kumkalisha mtoto mbele, na umrudie baada ya wiki nne ukiwa na maandishi mapya. Barua iwe ukurasa mmoja: jina, tarehe ya kuzaliwa, lugha ya nyumbani, mambo matatu yaliyoonekana na tarehe zake, unachoomba kipimwe, na simu ya shule. Toa nakala mbili, moja abaki nayo mama, maana ile ya ofisini hupotea.