Maziwa niliyogandisha yananuka sabuni, je, yameharibika?

SWALI: Shikamoo sista. Likizo yangu ya siku 84 inaisha wiki ijayo na mtoto atabaki na dada pamoja na bibi yake. Nimekuwa nakamua maziwa na kuyagandisha kwenye ile sehemu ya barafu ya friji letu la mlango mmoja. Jana niliyeyusha kikopo cha wiki iliyopita, kikanuka kama sabuni ya kufulia. Mama mkwe akasema yameoza, akayamwaga. Halafu huku Mbagala umeme nao unakatika. Niendelee, au ninunue tu ya kopo?

JIBU: Marahaba mama. Kopo liache dukani kwanza. Kwa unavyoeleza, mlimwaga maziwa mazima.

Ndani ya maziwa ya mama kuna kimeng'enya kiitwacho lipesi, ambacho huvunjavunja mafuta ili tumbo la mtoto lisipate kazi kubwa. Baridi haikizimi, inakipunguzia kasi tu. Kwa hiyo kikopo kikiwa kimekaa kwenye barafu, mafuta yanaendelea kuvunjwa kidogo kidogo, na ndiyo hutoa harufu hiyo ya sabuni. Kuna akina mama ambao maziwa yao yana harufu hii baada ya siku moja tu, na wengine hawaijui kabisa. Haimdhuru mtoto, na wengi hunywa bila kulalamika. Maziwa yaliyoharibika kweli huchacha: yana ukali puani na ladha yake inakera ulimi. Onja. Ni yako, usione kinyaa.

Mtoto akiyakataa, yale uliyokwisha kugandisha hayarudi nyuma, ila unaweza kuyachanganya na mabichi akayazoea. Yajayo, kabla ya kugandisha, yapashe kwenye sufuria hadi uone vipovu pembeni, epua kabla hayajachemka, yapooze haraka, ndipo ugandishe. Fanya hivyo pale tu mtoto anapokataa, maana moto unapunguza baadhi ya kinga zilizomo.

Mimi kinachonipa wasiwasi zaidi ni friji lako. Ile sehemu ya juu ndani ya friji la mlango mmoja si friza. Friza kamili yenye mlango wake hushika nyuzi 18 chini ya sifuri, na humo maziwa hukaa vizuri miezi 6. Yako hupanda na kushuka joto kila mtu anapofuata maji ya baridi. Humo usipitishe wiki 2.

Ndiyo maana nakushauri usihangaike kujaza barafu vikopo 40 kama wanavyofanya wenye friza kubwa. Kamua leo kwa ajili ya kesho. Maziwa uliyokamua kazini yakae kwenye friji la kawaida, nyuzi 4, na humo yanavumilia hadi siku 4. Yasukume nyuma kabisa, kamwe yasikae mlangoni. Kwenye barafu bakiza akiba ya siku moja au mbili, na uwe unaizungusha: ya zamani inatangulia kunywewa.

Mezani, joto la Dar likiwa kali, usiyaache zaidi ya saa 4. Njiani beba kiboksi kinachotunza baridi, kama deli la wauza aiskrimu ila dogo, ukizungushia chupa za maji yaliyoganda. Humo yanafika saa 24, kwa hiyo foleni ya daladala isikutishe. Na kazini usikamulie chooni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ongea na bosi kabla hujarudi.

Vyombo viwe vya kioo au plastiki ngumu ya chakula, vyenye mfuniko, vilivyooshwa na kuchemshwa. Vile vifuko vyepesi vya barafu za kuuza sivipendi, hupasuka na kuvuja. Weka mililita 60 hadi 100 kila kimoja, acha nafasi juu kwa sababu maziwa yakiganda yanatanuka.

Umeme ukikatika, msifungue friji kuchungulia. Ukirudi, tazama: maziwa ambayo bado yana chembe za barafu yanaweza kuganda tena. Yaliyoyeyuka yote lakini bado ni ya baridi yashushe kwenye friji, yanywewe ndani ya saa 24, wala usiyagandishe tena. Yakishapata joto la chumba, mpeni ndani ya saa 2.

Kuyeyusha, kishushe kikopo kwenye friji usiku, au kikalishe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Usiyaweke jikoni wala kwenye maikrowevu, huacha sehemu zenye moto wa kumuunguza mtoto mdomo. Utaona mafuta yamejitenga juu. Zungusha chombo taratibu yatachanganyika. Dada amnyweshe kwa kikombe kidogo, ni rahisi kukisafisha kuliko chupa na chuchu yake. Yakibaki kwenye kikombe, yamalizwe ndani ya saa 2 tangu mtoto alipoacha kunywa, au yamwagwe.

Na mama mkwe mpe kazi ya kuandika tarehe na saa kwenye kila kikopo. Siku moja muonjeshe ya leo na yaliyoganda wiki iliyopita, mbele yako.