PR ya Australia kupitia mwajiri: bosi wa kwanza alinizungusha, wa pili akanipa

Tangu nipost habari ya PR yangu kutoka, yaani ruhusa ya kuishi Australia moja kwa moja, inboksi haipumui. Asanteni kwa pongezi wakuu, ila nusu ya meseji ni "kaka naomba konekshen", wengine hata salamu hamna, mtu katuma picha ya cheti cha VETA kakipiga juu ya shuka, basi, kamaliza. Aliyeuliza swali la maana ni kijana mmoja yuko Geita, fundi dizeli kama mimi, kapata ofa ya kampuni ya huku Western Australia, alafu kwenye simu wakamwambia "mambo ya PR tutaangalia baadaye ukishafika". Anauliza asaini au asisaini. Mdogo wangu, kule nilikujibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa shifti, hapa nakujibu kwa kirefu, maana hiyo "baadaye" mimi naijua, nimelala nayo na kuamka nayo.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa mitambo mizito. Nimesoma VETA Mwanza, nikafanya kazi mgodi mmoja Kanda ya Ziwa, yale madampa ya Cat 793 mnayoyaona kwenye picha tairi limempita mtu urefu, hayo nimeyafungua injini mpaka nikawa nayaota. Supavaiza wetu alikuwa mzungu wa Perth, mji mkuu wa Western Australia, aliporudi kwao tukabaki tunawasiliana, siku moja akanitumia tangazo la kazi akasema omba, mimi nitakuwa refarii wako. Intavyuu ilikuwa saa tatu asubuhi ya Perth, yaani saa kumi alfajiri ya Mwanza, umeme ukakatika katikati nikamalizia kwenye simu na tochi ya jirani, na bado nikapita. Sijisifu, ila najisifu kidogo. Kazi nilikuwa naijua.

Mambo ya vipimo, fomu na kusubiri naruka, hayana stori. Nilifika mwaka 2022 kwa viza ya 482. Hii ndo viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi anayedhaminiwa na mwajiri, ni ya muda, mwisho miaka 4. Tarehe 7 Desemba 2024 waliibadilisha jina na baadhi ya masharti, sasa inaitwa Skills in Demand, ila namba ni ile ile 482. PR yenyewe ni viza nyingine kabisa, namba 186, na hapa ndo wengi wanapochanganya, wanadhani ukishakaa na 482 miaka kadhaa inageuka yenyewe kuwa PR. Haigeuki. Lazima mwajiri akupeleke, anajaza maombi yake ya kukupendekeza, inaitwa nominesheni, na wewe unajaza ya kwako. Asipojaza ya kwake, wewe hata uwe fundi wa kiwango gani kwa njia hii huendi popote.

Na hapo ndo bosi wangu wa kwanza alipopata fimbo ya kunichapia.

Gereji ilikuwa Kalgoorlie, mji wa dhahabu, karibu kilomita 600 mashariki ya Perth, joto lake usiniulize. Kabla sijaja aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake, piga kazi vizuri, PR nitakupa. Nikapiga. Krismasi nipo, sikukuu nipo, mashine ikifa saa nane usiku porini anayepigiwa simu ni mimi kwa sababu wale wengine wana haki ya kukataa na mimi nilijiona sina. Nikiuliza anasema mwaka ujao wa fedha. Huku mwaka wa fedha unaanza Julai kama nyumbani, basi kila Julai ikifika nampelekea swali langu na yeye ananirudishia jibu lake. Mara biashara imeyumba, mara mhasibu yuko likizo. Kuna siku kwenye chai ya saa nne, mbele ya gereji nzima, nilikuwa nimelalamikia ovataimu isiyolipwa, akacheka akasema "mimi ndiye niliyekutoa Afrika". Vijana wakacheka. Mmoja wao alikuwa bado mwanafunzi wa ufundi, mimi ndiye niliyekuwa namfundisha kusoma mchoro wa haidroliki. Nawaambia ukweli, PR nimepata, nyumba nitapata, lakini kicheko cha siku ile bado nakisikia.

Alafu akaja na mpya. Akasema PR ina gharama, kuna ada ya mafunzo ya serikali, tuchangie, atakuwa anakata kwenye mshahara. Kulikuwa na Mfilipino mchomeleaji pale, mtu mpole haongei, jioni akanifuata kwenye gari akaniambia usikubali, hiyo ni marufuku. Nikaenda kusoma. Na kweli, ile ada kwa nominesheni ya 186 ni dola 3,000 za huku kwa kampuni yenye mauzo chini ya dola milioni 10 kwa mwaka, na 5,000 kwa kampuni kubwa, mwajiri analipa mara moja, na sheria inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo kwa njia yoyote. Zaidi ya hapo, tangu mwisho wa 2015 kudai au kupokea chochote ili umdhamini mtu ni kosa, na mfanyakazi anayetoa naye anaingia kwenye kosa, viza yake inaweza kufutwa. Sasa nyie mnaoambiwa na wakala wa Kariakoo "toa milioni kadhaa nikupatie sponsa wa Australia", mmenielewa? Hata kama sponsa ni wa kweli, umeshanunua kesi.

Kusoma ndo kulinifungua. Kabla ya hapo nilikuwa nategemea maneno ya grupu la WhatsApp, ambako kila mtu ni mwanasheria. Nilipoingia kwenye tovuti ya Home Affairs, hii wizara yao ya uhamiaji, nikaanza kusoma ukurasa kwa ukurasa na Kiingereza changu cha gereji, nikakuta zamani ilikuwa lazima ufanye kazi kwa mwajiri miaka 3 ndo akupeleke 186 kwa mlango wa wafanyakazi ambao tayari wako na 482, ila tangu tarehe 25 Novemba 2023 ni miaka 2 ndani ya 3 ya mwisho. Bosi alikuwa bado ananihesabia mitatu! Na tangu tarehe 1 Julai 2024, ukiachana na mwajiri unapewa mpaka siku 180 za kutafuta mwingine, zamani zilikuwa 60 tu, na jumla isizidi 365 kwa muda wote wa viza, na katika siku hizo unaruhusiwa kufanya kazi nyingine kujikimu. Siku hiyo hiyo ya Julai ikawa pia ni jinai kwa mwajiri kukutishia viza ili akunyonye.

Nilichapa barua ya kuacha kazi mwenyewe. Akaniambia utarudi. Kimya.

Kampuni ya pili iko Perth, naenda mgodini kwa ndege na kurudi. Kabla ya kusaini niliomba neno la PR liandikwe kwenye mkataba, na dada wa rasilimali watu akajibu kwa imeili siku ile ile kama vile nimeuliza bei ya nyanya. Nilichojua ni kwamba saa ya miaka miwili inaanza upya, maana sheria ilitaka uwe umefanya kazi kwa huyo huyo anayekupendekeza, na nikakubali, bora nianze upya na watu wenye adabu. Ndo Desemba 2024 ikaja. Pamoja na ile 482 mpya wakabadilisha na hili: muda wa kazi kwa mwajiri yeyote aliyeidhinishwa kudhamini unahesabika. Kalgoorlie yote ikahesabika! Nilipiga kelele chumbani kambini mpaka jirani akagonga ukuta. Yule bosi alidhani amebaki na miaka yangu.

Maombi yenyewe hayakuwa magumu kama watu wanavyotisha. Kiingereza ni alama 6 za mtihani wa IELTS kwa kila kipengele, kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, ukipata 5.5 kwenye kuandika hata kama kwingine una 8 hujapita, na fundi wengi tunaangukia hapo hapo kwenye kuandika, so anza mapema, andika hata ripoti zako za kazi kwa sentensi kamili. Umri uwe chini ya 45 siku unapoomba, we kaka wa miaka 42 unayesema unajipanga kwanza, unajipanga nini? Hati ya polisi ya Tanzania dada yangu ndo aliyeihangaikia, Mungu ambariki, na Australia wanataka ya polisi wao pia. Vipimo ni pamoja na eksirei ya kifua na HIV. Ada ya mwombaji mkuu ni karibu dola 5,000 za huku, mke na watoto wanaongezewa zao, hiyo ya viza ndo unaweza kulipa mwenyewe.

Mtaniuliza tofauti ni nini kama kazi ni ile ile. Tofauti niulize mimi mwenye watoto. Huku Western Australia familia ya 482 inatozwa dola 4,000 kwa mwaka shule ya serikali, ya serikali jamani. Bima ya afya unajinunulia kwa sababu Medicare, matibabu ya serikali yao, si yako. Na usingizi! Ukiwa na PR bosi akikutukana unachukua kikombe chako unaondoka.

Sasa ndugu zangu tuambiane. Sisi mafundi tuna tabia ya kumheshimu bosi mpaka tunamfanya mungu, mtu kakuajiri tunasema kanisaidia. Hajakusaidia, ana mashine zimelala na fundi dizeli wako kwenye orodha yao ya kazi zenye uhaba, anakuhitaji. Heshimu kazi, heshimu watu, ila usimwachie mtu mwingine akusomee sheria ya maisha yako. Hata mimi msiniamini, hizi sheria zinabadilika, ingieni wenyewe. Ukitaka wakala awe na namba ya usajili ya MARN, jina lake unalitafuta bure kwenye rejista ya OMARA, ofisi yao inayosajili mawakala wa viza, asipokuwepo kimbia. Na soma. Kiswahili chako kitamu hakitakusaidia kwenye fomu, soma.

Kwa wewe wa Geita, jibu langu ni usisaini bado. Waandikie imeili, sio simu. Waulize kama ni wadhamini walioidhinishwa tayari, waulize PR watakupendekeza baada ya miaka miwili na sharti gani, na waulize mshahara bila ovataimu ni kiasi gani. Mimi nilipokuja kima cha chini cha mshahara kwa viza hii kilikuwa dola 53,900 kwa mwaka, Julai 2023 kikapanda 70,000, Julai 2025 kikawa 76,515, na kinapanda kila Julai, na juu ya hicho lazima wakulipe kama wanavyomlipa Mwaustralia wa kazi hiyo hiyo. Ofa ikiwa chini, hiyo nominesheni haipiti, wanakupotezea muda. Wakijibu yote kwa maandishi, saini uje, nitakupokea uwanja wa ndege mwenyewe.

Mwisho kuna walioniuliza uraia. Ni miaka 4 ya kukaa kihalali, na mwaka wa mwisho uwe na PR, lakini Tanzania bado haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, so hilo mimi silikimbilii. Nachokimbilia ni hiki ambacho watu hawaambiwi: PR haiishi, ila ruhusa ya kutoka na kurudi nayo ni miaka 5 tu, baada ya hapo unaomba viza ya kurudi, namba 155. Ikiisha uko Mwanza kwenye msiba, hupandi ndege mpaka uipate. Yangu nimeshaiweka kwenye kalenda ya simu, na ya mke wangu pia.