Mafunjo hayatameza bwawa langu?

SWALI: Habari ya kazi. Niko na bwawa kubwa huku Kavumu, zamani tulikuwa tunafugia tilapia, sasa nataka liwe la ndege na vyura tu. Jirani anasema nipande mafunjo na tifa, eti ni bure, unang'oa tu kule bondeni. Bibi yangu hataki kabisa, anasema tutakuja kuishi bila kuona maji. — Papa wa Kavumu

JIBU: Papa, bibi yako anaona mbali, hiyo mimea inakimbia kweli, ila haikimbii namna moja. Tifa, ile yenye kichwa cha kahawia kama soseji, inatembea ndani ya matope, na kina kikipita mita moja na nusu kwa kawaida inashindwa. Shida ni kwamba bwawa la samaki mara nyingi halifiki hapo, sasa toa maji kwanza, chimba katikati hadi mita mbili, ndiyo upande. Mafunjo yenyewe hayajali kina, ule mzizi mnene unaelea, unatoka pembeni unaenda juu ya maji, unashtuka kumeota kisiwa.

Basi panga nalo ni tofauti. Tifa unaikata chini ya maji, kisiki kifunikwe kabisa, kitaoza, kwa sababu mizizi inapumulia kwenye majani, hata yale makavu. Mafunjo ukikata fimbo tu umefanya kazi ya bure, yanachipuka tena, lazima uingie kiangazi, mwezi wa 7 hivi, ukate ule mzizi wa mbele na kuuvuta inje.

Kupanda: mvua zikianza mwezi wa 9, chukua kipande cha mzizi chenye machipukizi mawili matatu, fupisha fimbo, kishindilie kwenye matope, maji yaishie kwenye kifundo cha mguu. Weka upande maji yanapoingilia, mizizi itashika udongo unaoteremka mlimani, ila tundu lenyewe liache wazi. Kwenye diga, ule ukuta wa udongo unaozuia maji, usipande hata moja, tafadhali, mizizi itatoboa na maji yatakukimbia.

Na mtu akikuletea gugu maji, lile la maua ya zambarau, kataa. Limetoka Amerika Kusini, waulize wavuvi wa Ziwa Victoria.

Ukija kupunguza kichaka chenyewe, kagua kwanza viota vya minana, kisha kata nusu tu, ile nyingine ingoje mwaka ujao.